Kivuli cha mjini: nilivyotembea katikati ya Arusha na mama

Daktari alimwambia mama atembee dakika 40 kila siku. Presha ilikuwa inamsumbua tangu Oktoba na vidonge peke yake havikuishusha. Kwetu Sakina kutembea kuna shida zake: barabara kuu imejaa malori, njia za ndani ni vumbi, na bodaboda hutokea popote. Siku za kazi tulizunguka uwanja wa shule ya jirani. Jumapili mama alikataa kabisa uwanja. "Nipeleke mjini," alisema. "Kule nilikolelewa, miguu inajua njia yenyewe."

Jumapili ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Tulifika Mnara wa Saa saa tano, mwezi Januari, tukaenda popote barabara ilipotupeleka. Nusu saa haikuisha, mama akawa amekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, kanga kichwani, anaomba maji. Nikasimamisha bajaji tukarudi. Usiku ule niliumia sana moyoni. Nimeishi Arusha miaka yangu yote, lakini sikuweza kumwonyesha mama yangu sehemu ya kupita bila kuchomwa na jua.

Jumamosi iliyofuata nikarudi peke yangu na daftari. Nilichora mitaa ya katikati, kila mmoja kwa mistari miwili, nikaweka wino mweusi upande wenye kivuli. Nilifanya hivyo saa mbili asubuhi, nikarudia saa nne, kisha saa sita. Kazi haikuwa rahisi. Mtu akisimama mbele ya jengo la zamani na daftari mkononi, wenye maduka hudhani katumwa kuandika alama ya X nyekundu ukutani. Mama mmoja muuza vitenge alinifuata hadi kona. "Dada, mnabomoa lini?" Nikamweleza habari za mama na presha. Akacheka kwa kupumua, kisha akanionyesha kitu ambacho nisingekiona: upande wake wa mtaa hauna jua asubuhi, ila ikifika saa saba inabidi ashushe turubai.

Kutoka hapo nikaanza kuuliza watu, na ramani ikajaa. Jambo la kwanza nililojifunza ni la jua lenyewe. Arusha iko kusini ya ikweta, nyuzi 3 na kidogo tu, kwa hiyo jua letu halikai upande mmoja mwaka mzima. Januari saa za mchana hupita kusini kwetu. Juni na Julai hupita kaskazini. Barabara ya Sokoine inakwenda mashariki na magharibi, kwa hiyo Januari kivuli cha mchana kiko upande wa kusini wa barabara, na katikati ya mwaka kinahamia upande wa kaskazini. Mitaa inayopanda kaskazini kuelekea mlima Meru ni tofauti: pale asubuhi shika upande wa mashariki, jioni upande wa magharibi. Mafundi viatu wa mjini wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Wanahama na viti vyao.

Sasa njia yetu. Tunaanzia Boma, saa moja na nusu asubuhi. Wajerumani waliimaliza ngome hii mwaka 1900, na waliobeba mawe ni Waarusha na Wameru waliolazimishwa baada ya kupigwa vitani. Leo ndani yake kuna Makumbusho ya Elimu Viumbe. Ukitoka getini, Barabara ya Boma inashuka moja kwa moja hadi Mnara wa Saa. Sidhani kama ilinyooshwa hivyo kwa bahati. Askari akisimama juu alimwona kila mtu anayepanda. Mama anaipenda kwa sababu inateremka na ina miti mikubwa, na Novemba mijakaranda ya upande ule humwaga maua mpaka lami inakuwa ya zambarau.

Pale Mnara wa Saa utaambiwa uko katikati ya Cairo na Cape Town. Nilipiga hesabu. Cairo iko nyuzi 30 kaskazini, Cape Town karibu nyuzi 34 kusini, basi katikati yake ni kama nyuzi 2 kusini. Sisi tumepita kidogo. Kwangu mnara una maana nyingine: ndipo kivuli cha miti kinapokwisha. Mashariki, ukivuka mto Themi kwa Barabara ya Zamani ya Moshi, unaingia sehemu ambayo mama bado anaiita Uzunguni: viwanja vipana, nyumba zimejificha nyuma ya ua, miti kila mahali. Magharibi yake majengo yanaanza kubanana. Enzi za Mwingereza, sheria za ujenzi katika miji ya Tanganyika zilitaja aina ya nyumba inayoruhusiwa kila eneo bila kutaja rangi ya mtu. Lakini aina ya nyumba ilitosha kuamua nani atakaa wapi. Ndiyo maana tulibaki na majina yale matatu, Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na Arusha mito ilifanya kazi ya ukuta.

Mtaa wa India uko hatua chache kutoka mnarani, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi na daftari langu. Maduka ya zamani ya Wahindi yana baraza. Duka liko chini na familia huishi juu au nyuma. Paa au ghorofa ya juu hutokeza mbele na kushikwa na nguzo, na chini yake mtu yeyote anapita, mteja na asiye mteja. Mwenye duka alitoa sehemu ya kiwanja chake ikawa njia ya watu wote. Mvua za masika zikipiga, unaweza kumaliza mtaa mzima bila kufungua mwavuli. Kwa mtu wa miaka 67 mwenye magoti mabovu na presha, sijaona kitu katika mji huu kilichofikiriwa vizuri kuliko baraza.

Lina kasoro yake. Kila mwenye duka alimwaga sakafu kwa kimo chake, kwa hiyo unapanda ngazi mbili, unashuka moja, unapanda tena. Katika ramani nilianza kuandika kimo cha kila ngazi kwa kupima na kiatu. Pale panapozidi nusu ya kiatu, tunashuka barabarani tunapita kwa nje. Mitaro isiyofunikwa niliiwekea duara. Mtu anayepanga kutembea na mzazi wake nampa ushauri huu: pima ngazi kwanza, historia itafuata.

Nilimuuliza mzee mmoja fundi cherehani, ambaye mashine yake ipo barazani, kwa nini baadhi ya majengo haya hayajaguswa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haya si ya wenyewe tena," alinijibu, mguu ukiendelea kukanyaga. "Yalichukuliwa na Msajili."

Alikuwa anaongelea sheria ya mwaka 1971, serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 shughuli za Msajili zikaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Familia nyingi zilipoteza nyumba walizojenga kwa jasho, na huzuni ile naiheshimu. Lakini ni kweli pia kwamba mwenye nyumba akiwa shirika moja, na mpangaji akiwa hana uwezo wa kubomoa, baraza lilibaki. Tunapita chini ya kivuli kilichohifadhiwa namna hiyo.

Majengo mapya ya vioo yananisikitisha. Yanarudishwa nyuma, mbele yanawekwa maegesho ya magari, na mwenye miguu anaachiwa ukanda wa jua kati ya gari na gari. Katika ramani yangu kila jengo la namna hiyo ni tundu jeupe. Mabaraza matano yakifuatana, la sita likawa maegesho, mama anasimama. Kivuli cha mjini kina faida kikiungana. Kikikatika mara mbili tatu, mzee anarudi nyumbani. Natamani kila anayesaini ramani za majengo mjini atembee Barabara ya Sokoine saa saba mchana wa Februari akiwa amemshika mama yake mkono.

Kisha tunavuka Naura. Ukiwa ndani ya daladala hutambui kama kuna mto. Kwa miguu unausikia: barabara inainama, hewa inapoa, halafu unapanda upande wa pili na mji umebadilika. Nilihesabu milango kwa kila hatua 100. Barabara ya Boma haikufika kumi. Upande wa Soko Kuu ilizidi thelathini, bila kuhesabu meza na mikeka. Ofisi za serikali, posta na makampuni ya utalii zimekaa mashariki ya bonde hili. Soko, stendi ya mabasi na nyumba za wageni za bei nafuu ziko magharibi. Mama alipokuwa mdogo hawakuvuka Naura bila sababu. Bibi alivuka kwenda kulipa kodi, akarudi.

Huku miti haikupandwa, na mabaraza ni machache kadiri unavyoingia ndani. Watu wamejitengenezea kivuli chao: turubai, mwavuli wa kampuni ya simu, kanga mbili zilizofungwa kwenye waya. Jumapili asubuhi meza nyingi zimefunikwa, kwa hiyo tunapita kwa nafasi. Siku za kazi usijaribu na mgonjwa. Mwaka 2021 wamachinga walihamishwa barabarani kwenda maeneo waliyopangiwa, na wapo waliofurahi kuona njia imefunguka. Mimi nilikuwa mmoja wao. Baada ya ramani hii nimebadilika kidogo, maana naona pale meza ilipoondoka na turubai liliondoka, na jua likashuka hadi chini.

Tunakata kulia kuelekea Kaloleni kwa Mtaa wa Seth Benjamin. Jina hili nililisoma kwenye vibao maisha yangu yote bila kuuliza. Mama ndiye aliyenieleza: ni kijana aliyefariki mwaka 1967 akiwa katika matembezi ya miguu kwenda Dar es Salaam kuunga mkono Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa. Alinieleza tukiwa tumesimama apumzike. "Nasi tunalalamika Naura," akasema, akaanza tena kutembea kabla sijamwambia twende.

Kwake sehemu hii ndiyo safari yenyewe. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid unabaki kulia, uwanja wa mpira wenye jina la mshairi, kisha mnara wa Mwenge na ukumbi ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Arusha mwishoni mwa Januari 1967. Jengo ni dogo. Lilikuwa ukumbi wa jamii wa watu wa Kaloleni kabla ya kuwa makumbusho, mahali pa ngoma na mikutano ya mtaa. Mama alikuwa na miaka kumi. Anakumbuka magari, mengi kuliko aliyowahi kuyaona pamoja, na anakumbuka watoto wakifukuzwa uani ambako jana yake walikuwa wanacheza rede. Jambo linalonishika hapa ni mahali palipochaguliwa. Mkutano ule uliosema habari za usawa haukufanyika Uzunguni chini ya miti. Ulifanyika magharibi ya Naura, kwenye ukumbi wa mtaa. Hilo huwezi kulihisi ukiletwa na gari hadi mlangoni. Lazima uwe umevuka bonde kwa miguu.

Barabara ya Makongoro inatupandisha kurudi Boma, tunavuka Naura mara ya pili. Kipande hiki ni kigumu kwa mama, basi siku akichoka tunachukua bajaji na hatujilaumu. Mzunguko mzima na mapumziko unachukua saa mbili. Chai ya maziwa na chapati tunakunywa karibu na Soko Kuu, kabla ya mlima.

Julai ilipofika na baridi yake, mawingu yamekaa juu ya mji hadi adhuhuri, ramani yangu ilipinduka. Mama alikuwa anatafuta jua. Nikamgeuzia daftari: sehemu nyeupe zikawa ndizo njia, na tukaanza saa nne badala ya saa moja na nusu. Mara ya kwanza nilimwona akitembea katikati ya Barabara ya Boma, koti limefunguliwa, akisema miguu imeshika moto.

Wiki iliyopita aliniuliza kama kivuli cha upande wa stesheni nimekichora. Treni ya abiria ilirudi Arusha mwaka 2020 na yeye hajaenda kuiona. Kusini ya Sokoine sijafika na daftari, kule maghala yana kuta ndefu na sijui ngazi zake zikoje. Jumamosi nakwenda kupima.