Maji ya Nyoka Wenye Sumu: Mkono Usiingie Kizimbani

Wageni wanaokuja kuwaona nyoka tunaowatunza hapa Mombasa huuliza kwanza kuhusu chakula, ilhali kifutu mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asidhurike, lakini maji safi lazima ayapate kila siku. Kwa hiyo kazi ya maji ndiyo inayomsogeza mtunzaji karibu na meno ya nyoka mara nyingi kuliko kazi nyingine yoyote, na kwa kuwa ni ya kila siku, ni rahisi mtu kuizoea na kulegeza tahadhari.

Ninaamini usalama huanza pale kizimba kinapoundwa. Bakuli liwe zito, lisilopinduka nyoka anapolipanda, na lisiwe na uvungu, maana swila mdogo hupenda kujikunja chini yake mahali ambapo jicho halimfikii. Liwekwe mbali na maficho ya nyoka, chini ya tundu dogo lenye kifuniko, ili maji yamiminwe kwa mpira mwembamba kutoka nje pasipo kufungua mlango. Nyoka wengi hujisaidia ndani ya bakuli, na kwa joto letu maji hayo huharibika upesi, kwa hiyo kuliosha hakuepukiki. Hapo nyoka huongozwa kwa fimbo ya kulabu hadi aingie katika kisanduku chenye mlango wa kuteleza, mlango hufungwa kwa komeo, kisha mtunzaji huhakikisha kwa macho yake kwamba mwili wote umo ndani, pamoja na mkia, kabla ya kugusa chochote.

Swila mkubwa atemaye sumu, Naja ashei, aliyetambuliwa rasmi kuwa spishi ya pekee mwaka 2007 na kupewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu, hahitaji kuuma ili akudhuru. Anayemmiminia maji avae miwani ya kinga hata kama kuna wavu kati yao.

Mahitaji ya nyoka hayafanani. Hongo wa kijani, anayeishi juu ya miembe na mikorosho ya pwani, anaweza kulipuuza bakuli lililo chini, kwa hiyo asubuhi hunyunyiziwa maji laini kwenye majani na mwilini. Matone hutulia juu ya magamba, naye huinamisha kichwa na kuyanywa moja baada ya jingine kwenye mwili wake mwenyewe. Ukimnyunyizia kifutu namna hiyo kila siku na sakafu yake ikabaki chepechepe, atapata malengelenge tumboni na maradhi ya kifua. Unyevu wa hewa ya Mombasa hutusaidia, ingawa miezi ya kaskazi, hasa Januari hadi Machi, bakuli hukauka mapema.

Kuhusu maji yenyewe, ya kisima chenye chumvi hayafai, japo mifereji ikikauka ndiyo yanayopatikana kwa urahisi mitaani. Hata nyoka wa baharini mwenye tumbo la manjano, anayeonekana katika bahari yetu, hukata kiu kwa maji baridi ya mvua. Maji ya mfereji yenye dawa ya klorini hulazwa usiku kucha katika ndoo iliyo wazi kabla ya kutumiwa.

Upungufu wa maji hujionyesha kwenye ngozi inayokunjana, macho yaliyobonyea, mkojo mgumu ulio kama chokaa, na gamba linalotoka vipandevipande badala ya kuvuka zima. Mimi hulikagua kila gamba sehemu ya macho, kwa sababu utando wa jicho ukibaki haufai kubanduliwa kwa vidole. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo anayewajua nyoka. Upungufu wa maji ukidumu huharibu figo, na nyoka aliyefikia hapo ni vigumu kumponya.

Mbali na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ambacho ni lazima, zamu ya maji haifanywi na mtu mmoja. Mwenzake asimame pale pale, simu iwe mkononi, na wote wawili wawe wamekwisha kuulizia ni hospitali gani ina dawa ya kuzuia sumu ya nyoka huyo hasa, maana dawa ya aina moja haitibu sumu ya kila nyoka. Siku ambayo mwenzake hayupo, maji humiminwa kwa mpira tu, na bakuli husubiri kuoshwa hadi apatikane mtu wa pili.