Kinyama cha ini, fomalini, na yale ambayo hadubini haioni

Mimi ni mteknolojia wa maabara upande wa patholojia hapa Mwanza. Napokea kinyama kilichotolewa mwilini mwa mgonjwa, nakipitisha kwenye kemikali zake, nakizamisha kwenye nta, nakikata vipande vyembamba vya maikroni tatu au nne, navipaka rangi, kisha daktari wa patholojia anasoma. Vinyama vingi vinavyopita mikononi mwangu ni vya matiti, shingo ya kizazi, tezi dume na ngozi. Vya ini ni vichache, ingawa wagonjwa wa saratani ya ini Kanda ya Ziwa si wachache. Mgonjwa akishafika amekonda, macho ya manjano na tumbo limejaa maji, altrasaundi au CT pamoja na kipimo cha damu cha AFP (protini inayopanda kwenye saratani nyingi za ini) mara nyingi vinamtosha daktari, na ini lililoharibika kiasi hicho ni hatari kulichoma sindano kwa sababu damu haigandi upesi. Ndiyo maana kinyama cha ini kikifika mezani kwangu nakishika kwa heshima.

Mzee mmoja wa Sengerema alikileta kimoja mwenyewe, cha mdogo wake, kopo amelifunga kwenye kitenge. Alisubiri nimalize kuandika namba kwenye daftari, kisha akauliza, "Mwanangu, mkishakisoma mnakitupa?"

"Hapana, baba. Kinabaki ndani ya nta, tunakitunza kabatini miaka mingi."

"Mnakitunza cha nini, na majibu mmeshatoa?"

Foleni ilikuwa ndefu, nikamjibu kwa maneno machache. Swali lake lilistahili zaidi ya hayo, kwa hiyo naliandikia hapa.

Kipande kilichopakwa rangi kinaonesha mengi. Seli za saratani ya ini ni kubwa, viini vyake vimekolea, zimepangana kwa unene usio wa kawaida. Katikati yake au pembezoni unaona vidoa vidogo vya duara, vya zambarau. Hizo ni limfosaiti, seli za kinga zilizotoka kwenye damu zikapenya ndani ya uvimbe. Kuna uvimbe uliojaa vidoa hivyo, na kuna uvimbe ambao vimezunguka nje tu, ndani hakuna kitu. Tofauti hiyo ina uzito kwa mgonjwa. Ila rangi yetu ya kawaida haitaji majina. Kidoa kimoja kinaweza kuwa seli T (aina mojawapo ya limfosaiti) ya kundi la CD8, inayoua seli za saratani. Cha jirani yake kinaweza kuwa seli T ya udhibiti, ambayo kazi yake ni kuwatuliza wenzake wasishambulie, na saratani inanufaika nayo. Kwenye hadubini vyote viwili vinafanana.

Hapo ndipo metilesheni, yaani alama za kemikali zinazobandikwa kwenye DNA, inapoingia, na ndiyo sababu nimekuwa nikiisoma usiku baada ya kazi.

Ndani ya DNA, herufi C inayofuatwa na G inaweza kubandikwa kikundi kidogo cha kemikali, kaboni moja na haidrojeni tatu, kinachoitwa methili. Herufi yenyewe haibadiliki. Kinachobadilika ni kama jeni hiyo itasomwa au haitasomwa. Alama zikijazana kwenye sehemu ya kuanzia ya jeni, jeni hunyamaza; ni kama duka lililofungwa kufuli, bidhaa zote zimo ndani lakini hakuna anayeuziwa. Kwenye saratani ya ini, moja ya jeni zinazonyamazishwa mara kwa mara kwa njia hii ni CDKN2A, ambayo kwa kawaida huzuia seli isigawanyike ovyo. Nyingine ni RASSF1A. Wakati huohuo, maeneo mengine mengi ya DNA hupoteza alama zake, na hilo nalo linavuruga mpangilio wa kromosomu.

Kilichonishika mimi ni kwamba kila aina ya seli ina mpangilio wake wa alama. Seli T ya udhibiti inatambulika kwa jeni ya FOXP3, ambako eneo fulani halina methili, wakati seli T za kawaida zinayo. Kwa hiyo ukichukua kipande kizima cha uvimbe, saratani na kinga vikiwa vimechanganyika, ukatoa DNA yote na kusoma alama katika mamia ya maelfu ya sehemu, hesabu inaweza kukukadiria ndani yake mna CD8 kiasi gani, seli za udhibiti kiasi gani, makrofaji (seli za kinga zinazomeza uchafu na vijidudu) kiasi gani. Usomaji wenyewe unategemea kemikali iitwayo bisalfaiti: C isiyo na methili hugeuzwa na mwishowe husomwa kama T, yenye methili hubaki C. Vile vidoa ambavyo rangi yangu haiwezi kuvitenganisha vinaanza kuwa na majina.

Na uhusiano hauishii kwenye kuhesabu. Kwenye saratani ya ovari, mwaka 2015 watafiti walionesha kwamba uvimbe unaweza kunyamazisha jeni za CXCL9 na CXCL10, ambazo hutoa kemikali za kuita seli T. Seli zisipoitwa, haziji. Mwaka 2017 ikaoneshwa kwa panya kwamba seli T zilizopigana muda mrefu hadi zikachoka hubandikwa methili mpya, na alama hizo ndizo zinazozifanya zibaki kwenye uchovu hata zikipewa dawa ya kuziamsha. Jambo hili nalirudia kichwani kila mara. Seli imefika, iko mahali pake, hadubini inaiona, na bado haifanyi kazi.

Dawa zenyewe zipo. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti wa atezolizumab, dawa ya kuamsha seli T, pamoja na bevacizumab, inayozuia mishipa ya damu ya uvimbe, kwa saratani ya ini isiyoweza kuondolewa kwa upasuaji, na wagonjwa waliishi muda mrefu kuliko waliopewa sorafenib, dawa iliyokuwa imetawala tangu 2007 au 2008. Lakini uvimbe ulipungua kwa kiasi cha kuhesabika kwa takriban watu 3 tu kati ya 10. Ndiyo maana wanasayansi wanatafuta alama za kusema mapema nani atafaidika, na metilesheni pamoja na hesabu ya seli za kinga vimo katika zinazotafutwa. Bei ya dawa hizo iko mbali sana na familia ninazoziona zikilala kwenye viti vya korido. Najua. Hata hivyo, vipimo vya kuchagua wagonjwa vinatengenezwa sasa hivi, na vinatengenezwa kwa maini ya watu wengine.

Mradi mkubwa wa Marekani wa ramani ya jeni za saratani ulichapisha kazi yake ya ini mwaka 2017, kutoka kwa wagonjwa 363. Tafiti nyingi sana za metilesheni na kinga kwenye ini zinachota data humo. Wengi wa wagonjwa wale ni Wazungu na watu wa asili ya Asia. Weusi ni wachache mno.

Sasa fikiria ini la mtu aliyezaliwa Ukerewe au Kome, aliyeogelea ziwani tangu utotoni. Kichocho cha ziwa letu ni kile cha tumbo, mayai yake yana mwiba ubavuni, na mengi hunasa kwenye ini. Nayaona kwenye slaidi. Kila yai limezungukwa na kifundo cha seli za kinga: makrofaji, limfosaiti, na eosinofili zenye chembechembe nyekundu zinazopendeza kwa macho hata kama habari yake si njema. Kuhusu kichocho hiki tusizidishe maneno: haijathibitishwa kwamba peke yake kinaleta saratani ya ini, na kile kinachojulikana kusababisha saratani ni kichocho cha mkojo, ambacho hushambulia kibofu. Lakini ini hilo limeshajaa seli za kinga kabla saratani haijaanza. Ongeza virusi vya hepataitisi B, ambavyo hujipachika ndani ya DNA ya seli ya ini. Ongeza sumukuvu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Orodha za alama za kila aina ya seli, ambazo ile hesabu hulinganishia, zilizotengenezwa kwa sehemu kubwa na damu ya wachangiaji wa mbali, zikiletewa kipande cha ini kama hili, eosinofili za kichocho zitahesabiwaje? Makrofaji waliokuja kwa ajili ya yai watatenganishwaje na waliokuja kwa ajili ya saratani? Siamini kwamba majibu yatapatikana bila vinyama vya huku.

Nilichotamani kumwambia yule mzee ni kwamba methili haitoki. DNA iliyokaa kwenye nta hukatikakatika, lakini alama zilizobandikwa juu yake hubaki, na maabara zenye mashine hizo zinaweza kuzisoma kwenye kinyama cha miaka mingi iliyopita. Sharti ni kwamba kiwe kilihifadhiwa vizuri siku ya kwanza. Kinyama cha mdogo wake kilikuwa kimehifadhiwa vizuri sana. Vingi haviko hivyo. Vinakuja vikiwa vimelala kwenye maji ya chumvi ya dripu, au kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia vinyama, iliyochanganywa na maji ya bomba tu. Hiyo hugeuka kuwa na asidi kadiri inavyokaa na kuikata DNA vipande visivyosomeka. Rangi yangu bado itapokea, daktari bado atatoa jibu la saratani au si saratani, na kila mtu ataona kazi imekwisha.

Kwa hiyo, wauguzi na madaktari wenzangu wa hospitali za wilaya, nawaomba. Fomalini iwe ya asilimia 10 yenye bafa, yaani chumvi za kuizuia isigeuke asidi. Iwe nyingi, angalau mara kumi ya ukubwa wa kinyama, na kopo liwe la mdomo mpana. Kisikae humo wiki mbili kikisubiri gari; siku moja hadi mbili zinatosha kabla hakijaingia kwenye mashine yetu. Msimpe ndugu wa mgonjwa kopo bila kumweleza kwamba lisikae juani.

Na ndugu wa mgonjwa akiwa mbele yenu, mwambieni apime hepataitisi B, yeye na watu wa nyumba ile. Chanjo ilianza kutolewa kwa watoto Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata.

Kwenye fomu andikeni saa kinyama kilipotolewa na saa kilipoingia kwenye fomalini. Fomu nyingi hazina mstari wa hayo. Andikeni pembeni, nitayaona.