Tangi la Mawe

Mwaka 2016, kwa zaidi ya mwezi mzima, watu wa mtaa wetu pale Forest Mpya, Mbeya, walikuwa wanakuja kwa dada yangu kuangalia mawe. Wenyewe walikuja kuona samaki wa baharini, maana habari zilishafika mpaka Mwanjelwa kwamba mwalimu kaleta bahari ndani. Wanakaribishwa, wanavua viatu, wanapewa chai, halafu wanaelekezwa ukutani: tangi la kioo lenye urefu wa mita moja na sentimita ishirini, taa ya buluu juu, maji yanazunguka, na ndani mawe. Mawe tu. Wastaarabu walisema "hongereni sana". Wengine waliinama wakachungulia nyuma ya mawe, kisha wakarudi kwenye chai yao kimya.

Shemeji ni mtu wa Tanga, mwalimu wa kemia, aliyepangiwa kazi Mbeya akaoa kwetu akabaki. Samaki wa kula hakuwakosa, wa Ziwa Nyasa wanapanda kutoka Kyela kila siku. Alichokosa ni ile hali ya utotoni, maji ya bamvua yakishatoka, unatembea juu ya mwamba unakuta kwenye kila kidimbwi kuna kitu kinakuangalia. Alikuwa ameliwaza jambo hilo miaka mingi kabla hajanunua hata kipande cha kioo. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, kazi hakuna, kwa hiyo nikawa mikono yake.

Kioo tulikatia kwa fundi wa Mwanjelwa ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa madirisha na shoo-kesi. Alitaka kutuuzia cha milimita sita. Shemeji akachukua kipande cha boksi akamwandikia hesabu: sentimita 120 kwa 50 kwa 50 ni lita 300, na lita 300 za maji ya bahari ni kilo mia tatu na ushee, ongeza kioo chenyewe karibu kilo 70, ongeza mawe. Fundi akakitazama kile kipande cha boksi, akakunja, akatia mfukoni, akaenda kutafuta kioo cha milimita 12. Meza tuliitengeneza kwa mbao za Sao Hill, mbili kwa nne, zilizotiwa dawa. Chuma shemeji alikikataa, alisema chumvi itakila kabla mtoto wake hajafika darasa la nne. Silikoni nayo alichagua ile inayonuka siki ikiwa mbichi, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa inayoua ukungu bafuni haitachagua cha kuua ndani ya tangi. Tukaligundisha, tukaliacha likauke, tukalijaza maji ya bomba likiwa barazani kusubiri livuje. Halikuvuja.

Wakati huo mama alikuwa amekuja kutoka Tukuyu kumsaidia dada na mtoto mchanga. Mama, kwa heshima ya ukwe, hakuwa anamsemesha shemeji moja kwa moja, na shemeji naye akiingia sebuleni anakohoa kwanza. Mazungumzo yote yalipitia kwangu, hata wakiwa wamekaa chumba kimoja.

"Mwambie shemeji yako, kama ni chumvi anatafuta, ya dukani ina kasoro gani mpaka anaagiza ndoo nzima kutoka nje?"

Nikageuka. Shemeji alikuwa amesikia, lakini akasubiri nimalize kusema.

"Mwambie mama, ya dukani ni ya mboga. Bahari ina magnesi, ina kalisi miligramu mia nne na zaidi kwa lita. Viumbe wa mwambani wanajenga mifupa yao kwa hiyo kalisi. Chumvi tupu ingewaua."

"Mwambie basi akinge maji ya mvua. Mbeya mvua si ya kununua."

Hapo kidogo shemeji akatabasamu, kwa sababu lilikuwa wazo zuri na alishalifikiria. Tatizo lilikuwa bati. Mvua ikipita juu ya bati inaondoka na zinki, na konokono wa baharini na jamaa zake hawavumilii zinki, wala shaba ya mabomba. Kwa hiyo maji yote yalichujwa kwa mashine ndogo iliyofungwa jikoni, tone kwa tone, ndoo baada ya ndoo, mpaka dada akawa anaiota. Kisha tukapima chumvi: gramu 35 kwa lita, yaani zaidi ya kilo kumi kwa tangi zima, ikachanganywa kwenye pipa jeupe kwa pampu usiku kucha.

Mawe yenyewe yalikuja kwa lori. Ni mawe ya matumbawe ya kale, yanayochimbwa nchi kavu upande wa Wazo kule Dar, jamii ya yale waliyojengea nyumba za zamani za pwani. Ya baharini shemeji hakutaka kuyagusa. Matumbawe hai ya mawe yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hata pasingekuwa na CITES, alisema hawezi kubomoa mwamba wa Tanga ili apambe ukuta wa Mbeya. Nilimpelekea jiwe la chokaa kutoka Songwe nikidhani nimempunguzia gharama. Akalidondoshea siki, likatokota vizuri kabisa, povu jeupe likatambaa mpaka ukingoni. "Ni chokaa kweli," akasema, "lakini limeshiba." Akanipa la Wazo nilishike. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyotarajia, na ukiliinua kwenye mwanga unaona vijitundu, vingine vyembamba hata sindano ya kushonea isingepita. Humo ndimo walimotakiwa kukaa wale aliowaita wapangaji.

Wapangaji ni bakteria. Tangi likishajaa maji ya chumvi bado ni maji ya chumvi tu, samaki ukimtia anajitilia sumu mwenyewe kwa kinyesi chake. Shemeji akanunua kamba mmoja wa barafu kwenye supamaketi, akamtumbukiza katikati ya mawe, akamwacha aoze.

"Mwambie shemeji yako kuna kitu kimekufa humo."

"Ni kamba, mama. Amewekwa makusudi."

Mama akanitazama kwa muda. Sikuwa na la kuongeza.

Kamba akioza anatoa amonia. Kuna bakteria wanaoila amonia wakaigeuza nitriti, ambayo ni sumu vilevile, na kuna wengine wanaoila nitriti wakaigeuza nitrati, ambayo samaki anaivumilia ikiwa kidogo. Hao wote lazima wazaliwe, waenee, wakae kwenye vijitundu vya mawe, na hawaharakishwi. Kazi yangu ilikuwa kupima. Kila asubuhi nachota maji kwenye kichupa, natia matone, nasubiri, nasimama dirishani na ile kadi ya rangi. Kijani ni amonia, manjano ni salama. Ilikaa kijani mpaka nikaizoea. Baadaye ikaanza kufifia, na kichupa cha pili, cha nitriti, kikageuka zambarau nzito. Mawe yakapata utando wa kahawia, wageni wakaona ni uchafu, shemeji akaona ni dalili njema. Na ilikuwa Juni ikielekea Julai, baridi ya Mbeya unaijua, hita mbili zinawaka ili maji yasishuke chini ya nyuzi 25, dada anaangalia luku yake bila kusema neno. Wageni waliendelea kuja. Mtu mmoja wa kanisani alimuuliza dada pembeni kama mumewe yuko sawa.

Vichupa vyote viwili vilipotulia kwenye rangi ya salama, nikatumwa Dar.

Kunduchi kulikuwa na mvuvi mwenye leseni ya kuvua samaki wa mapambo. Alinipa wawili wale wanaoishi ndani ya anemoni, yule mnyama wa baharini anayefanana na ua, rangi ya machungwa iliyochanganyika na weusi, mistari miwili miupe, na konokono kadhaa. Aliwafunga alfajiri, kila mmoja na mfuko wake, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni. Ila shemeji alikuwa amempigia simu: gesi asiikaze, mfuko ubaki na mikunjo. Mvuvi aliona ni ushamba wa mtu wa bara. "Mimi nafungasha kila siku," akaniambia, lakini akafanya.

Sababu yake kila mtu wa nyanda za juu amewahi kuiona bila kuifikiria. Pakiti ya krispi iliyotoka Dar ikifika Mbeya imevimba. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni kama nne ya tano ya ule wa pwani, na hewa iliyofungiwa ndani inatanuka. Hiyohiyo ndiyo iliyomfanya shemeji aelekeze pampu juu, usoni pa maji, mpaka yakawa yanachemka: oksijeni inayoyeyuka kwenye maji huku kwetu ni chache kuliko Tanga, na maji ya chumvi yenye joto yanashika chache zaidi.

Basi lilitoka Ubungo saa kumi na mbili asubuhi. Boksi la stairofomu nilipakata. Jirani yangu, mama mmoja wa Makambako, alivumilia mpaka Chalinze.

"Mwanangu, umebeba nini unachokichungulia hivyo?"

"Samaki, mama."

"Mbona hawanuki?"

"Wazima."

Akatafakari hilo mpaka Morogoro. Kisha: "Unawapeleka Mbeya wakafanye nini?"

"Wakaishi."

"Makubwa. Sisi wenyewe baridi ile tunaikimbia."

Tangu hapo akawa upande wangu. Ruaha Mbuyuni, jua limepiga kioo cha dirisha na wauza vitunguu wamejaa chini, alitoa khanga yake akafunika boksi kabla sijaomba. Na kwenye mlima wa Kitonga yeye ndiye aliyesema "fungua tuone." Tulikuwa nyuma ya semi iliyobeba shaba… hapana, ile ya shaba ilikuwa inashuka, yetu ilikuwa na tela la mafuta, inapanda mwendo wa mtu mwenye fimbo. Nilifunua kifuniko. Mikunjo yote ya mifuko ilikuwa imepotea. Plastiki imenyooka, inang'aa, na ukiigusa kwa kidole inakurudisha. Samaki mmoja alikuwa amesimama katikati ya maji, mapezi ya ubavuni yakienda harakaharaka. Nikampigia shemeji.

"Mikunjo imeisha?"

"Imeisha."

"Mpira wa kufungia ni mmoja au miwili?"

"Miwili."

"Basi. Mifuko itakaza kidogo tena ukifika Mafinga. Usifungue mfuko hata uone nini, shemeji. Hata uone nini."

Alinieleza sababu usiku ule, mikono ikiwa ndani ya tangi. Samaki akiwa mfukoni anatoa hewa ya kaboni, maji yanakuwa na asidi kidogo, na amonia kwenye maji ya asidi hugeuka kuwa ya aina isiyodhuru sana. Ukifungua mfuko, ile hewa ya kaboni inatoroka, asidi inapungua, na amonia inarudi kuwa sumu palepale. Anayefungua mfuko njiani kwa huruma, ili samaki apumue, ndiye anayemuua.

Makambako jirani yangu alishuka. Kabla hajaondoka alimsimamisha mama ntilie mmoja, akajaziwa maji ya moto kwenye chupa yangu ya maji ya kunywa, akaizungushia khanga na kuniachia. Nilimwambia khanga nitairudishaje. Akasema nisimtanie. Mpaka Igawa boksi lilikuwa na uvuguvugu, na Chimala sikuchungulia tena, nilikuwa nimechoka kuogopa.

Tulifika stendi saa mbili usiku. Nyumbani taa za sebuleni zilikuwa zimezimwa kwa amri ya shemeji, na gizani humo walikaa majirani wasiopungua kumi, kila mmoja na kikombe. Shemeji alikuwa ametayarisha ndoo ya maji yenye chumvi ileile ya mfukoni, aliyoulizia kwa mvuvi tangu alfajiri. Mifuko ikaelea kidogo ndani ya tangi ili joto lilingane, halafu ikafunguliwa na yote yakaenda haraka: maji ya safari yakamwagwa, samaki wakapita kwenye ndoo wakaingia tangini kwa kikombe cha plastiki, bila tone la maji ya mfuko kuwafuata. Mmoja akajipenyeza chini ya jiwe kubwa. Mwingine akalala ubavu juu ya mchanga na hakutikisika. Jirani mmoja akasema pole. Shemeji hakujibu, alikaa kwenye stuli na tochi yenye mwanga mwekundu, na wageni wakaaga mmojammoja, safari hii wakiwa hawajaona hata mawe.

Asubuhi yule wa ubavuni alikuwa akiogelea mbele ya pampu, kichwa kikielekea kwenye mkondo. Konokono walikuwa wameshalamba njia nyembamba nyeupe kwenye ule utando wa kahawia. Kwenye gamba la mmoja wao kulikuwa na doa la waridi, mwani unaojijenga kwa chokaa, na shemeji alilifurahia doa hilo kuliko samaki wenyewe. Miezi kadhaa baadaye lilianza kuenea kwenye mawe.

Binti wa dada, aliyekuwa wa miaka sita, alibandika pua kwenye kioo akauliza yupi baba na yupi mama. Shemeji hajui kumdanganya mtoto. Akamweleza kwamba samaki wa aina hiyo wote huanza wakiwa madume, kisha aliye mkubwa zaidi hugeuka jike, na jike akifa, dume lake ndilo linalogeuka kushika nafasi.

Mama alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Alisikia yote.

"Mwambie shemeji yako," akaniambia, "habari hiyo asije akaileta Tukuyu."

"Mwambie mama nimesikia," akasema shemeji.