Draiva ya kihisi cha unyevu kwa ghala la mjomba: nilipofika

Mjomba wangu wa Tandahimba ana ghala dogo la korosho ghafi, na kila msimu halikosi gunia linalokataliwa kwa unyevu. Kipimo chake ni kuchukua konzi ya korosho, kuitikisa karibu na sikio, basi. Mimi huku Mtwara mjini nina Raspberry Pi ya zamani (kompyuta ndogo ya bodi moja) na kihisi cha unyevu na joto, DHT22, nikamwahidi kumtengenezea kitu. Nikaongeza na la kwangu: draiva ya Linux (programu inayounganisha kifaa na mfumo wa kompyuta) niiandike mwenyewe, kwa lugha ya C. Kerneli, yaani kiini cha Linux, tayari inayo inayofaa, inaitwa dht11. Mwenye haja ya vipimo tu aitumie hiyo, asihangaike kama mimi. Mjomba aliposikia naandika draiva aliuliza gari limetoka wapi.

Oktoba mwanzoni. Nilianza na programu ya kawaida ya Python. Kati ya usomaji kumi, mitatu ndiyo ilitoka salama. Sababu ni kwamba DHT22 ina waya mmoja tu wa data, na husema kwa kupima muda. Unaushusha waya chini kwa milisekunde moja au zaidi, unauachia, kisha yenyewe inatuma biti 40. Kila biti huanza na ukimya wa mikrosekunde 50. Waya ukipanda juu kwa mikrosekunde 26 hadi 28 hiyo ni sifuri, ukikaa juu 70 ni moja. Programu ya kawaida ikisimamishwa kidogo tu ili nyingine ipite, imeshapoteza hesabu.

Oktoba, wiki ya tatu. Moduli ya kwanza, yaani kipande cha programu kinachopachikwa ndani ya kerneli. Kila waya unapopanda au kushuka, katizo (ishara ya kuidai kerneli ishughulike mara moja) linaingia na kerneli inaandika saa. Kwa makaratasi ilikuwa safi. Kwa vitendo, mbaya kuliko Python! Siku nne nikalaumu waya, nikabadilisha rizista ya kilo-ohm 10 nikaweka ya 4.7. Wapi.

Kosa lilikuwa pr_info, amri ya kuchapisha ujumbe, niliyoiweka ndani ya fanksheni ya kupokea katizo, eti nione kinachoendelea. Sina skrini, naingia kwa waya wa siriali, kasi biti 115200 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo mstari wa herufi 80 huchukua karibu milisekunde 7 kupita, na biti zote 40 za kihisi hazifiki hata milisekunde 5. Yaani kabla sijamaliza kuandika "ukingo wa kwanza umefika", mwenzangu alishasema yote akanyamaza.

Nikaufuta mstari ule, saa zote nikazihifadhi kwenye safu, kuchapisha nikakuacha hadi mwisho. Zikatoka baiti tano: 2, 202, 1, 42, 247. Nne za kwanza ukizijumlisha unapata 247, sawa na ile ya tano ambayo ni ya kuhakiki, hivyo hakuna kilichopotea njiani. Mara 2 kwa 256, ongeza 202: 714, gawa kwa kumi, yaani unyevu asilimia 71.4. Joto, kwa hesabu ileile ya 1 na 42, nyuzi 29.8. Nikampigia mjomba saa tano usiku. Akapokea akidhani kuna msiba.

Novemba. Niliondoa moduli kwa amri ya rmmod bila kuita free_irq, inayoliachia katizo. Hakikutokea kitu, nikaenda kula. Niliporudi nikagusa waya wa kihisi, katizo likaingia, kerneli ikaenda kutafuta fanksheni ambayo haipo tena. Mashine ikaganda palepale. Sasa free_irq ndiyo naiandika kwanza, kabla hata ya request_irq, inayoliomba.

Jumamosi iliyopita. Nilikipeleka Tandahimba. Kilisoma vizuri kila sekunde mbili (haraka zaidi ya hapo DHT22 haiwezi). Mjomba akatazama namba, akatazama magunia.

"Mjomba, hiki chako kinapima hewa. Korosho ziko ndani."

Sikuwa na jibu. DHT22 inapima unyevu wa hewa inayoizunguka, si wa kokwa. Tukakubaliana kihisi cha pili kiingie katikati ya gunia, ndani ya kipande cha bomba la plastiki lililotobolewa matundu, tuone hewa ya mle inatofautiana vipi na ya ghalani.

Bomba ameshalitoboa. Ninayechelewesha ni mimi: saa, safu, namba ya pini, vyote nilivitangaza juu kabisa ya faili kama vigezo vya pamoja, kana kwamba duniani kuna DHT22 moja tu. Kila kihisi kinataka struct yake, yaani fungu lake la vigezo, na hapo ndipo nilipo usiku huu.