Kisigino cha babu wa Pangani

Zamu ya usiku, joto la Tanga halina huruma, na feni ya wodini inazunguka kwa kubembelezwa. Kitanda cha dirishani kalala babu kutoka Pangani, kavunjika nyonga kwa kuteleza bafuni. Kila nikimfunua shuka ananung'unika, "Sista, niache nilale."

"Nakagua miguu tu, babu."

Tulifundishwa kutafuta wekundu, dalili ya kidonda cha kulalia. Wekundu gani kwenye ngozi nyeusi kama yangu na yake? Mimi hutumia mgongo wa kiganja, nalinganisha visigino viwili. Usiku ule cha kulia kilikuwa na joto kuliko mwenzake, na nilipobonyeza nikakuta kigumu kidogo. Kidonda cha kulalia huanza hivyo, kimya kimya, ngozi ikiwa bado nzima.

Hili nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilijaza glavu maji, nikaiweka chini ya kisigino cha mama mmoja, nikajiona fundi. Mgandamizo ulibaki palepale. Siku ya tatu ngozi ikachubuka.

Siku hizi mto naulaza chini ya shavu la mguu, kisigino kielee hewani. Kumgeuza ni kila baada ya saa 2, watu wawili, kwa kumwinua na shuka. Kumburuza kunachuna ngozi. Binti yake alitaka kupasugua kwa mafuta ya nazi, nikamsihi asipasugue.

Saa 11 alfajiri nikagusa tena. Joto limepungua. Babu akafumbua jicho moja.

"Sista, huo mguu umekuposa?"