Mzee Akisema Sombe Haina Chumvi

Mzee akisema kwamba sombe, yaani mboga ya majani ya muhogo, haina chumvi, wengi wetu hapa Bukavu humwona mtu asiyeridhika, na mpishi hununa. Mimi naamini kwamba mara nyingi anasema kweli, kwani kwake yeye chakula hicho ni chapwa kabisa.

Seli za kuonja zilizomo ulimini hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku 10 hivi, lakini umri unaposonga kazi hiyo hupungua, na mate, ambayo huyeyusha chakula ili ladha izifikie seli hizo, nayo yanaweza kupungua, hasa kwa mtu anayemeza dawa kila siku. Dawa nyingine, kama captopril ya shinikizo la damu, huweza kumwachia mtu ladha ya chuma kinywani. Hata hivyo, hasara kubwa zaidi iko puani, kwa sababu sehemu kubwa ya utamu wa mlo ni harufu inayopanda kupitia nyuma ya koo wakati wa kutafuna, na uwezo wa kunusa hudhoofika zaidi kwa uzee kuliko ulimi wenyewe. Mwenye shaka na abane pua, kisha atafune sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliotoka kukaangwa sasa hivi: atasikia chumvi na mifupa midogo ikivunjika menoni, lakini samaki mwenyewe hatamsikia mpaka aachie pua.

Uchungu una habari zake. Mtoto huzaliwa akipenda kitamu na kukataa kichungu, na ana haki, maana mimea mingi yenye sumu ni michungu. Nyanya chungu nilizokuwa nikizificha chini ya bugali utotoni ndizo ninazozitafuta kwanza leo sokoni Kadutu. Nadhani hayo ni mazoea zaidi kuliko uzee, ingawa wanangu wana maoni yao.

Kinachonisumbua ni tiba yetu ya jikoni, yaani kuzidisha chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, na wazee wetu wengi tayari wana shinikizo la damu. Mama yangu tunamkamulia limau juu ya sambaza, tunamkaangia vitunguu na tangawizi hadi vinukie, na pilipili hatumnyimi, kwa kuwa ukali wake haupokelewi na seli za kuonja bali na neva za maumivu. Kuhusu sombe hatukuelewana upesi: anataka mawese zaidi, na hilo tumemkubalia.