Goti la Mama

Tumetoka kwa daktari wa mifupa sasa hivi. Tuko kwenye matatu, Ngong Road, foleni haisongi.

Mama ana miaka 67. Goti la kulia limemsumbua tangu kabla ya korona. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, limelika; mfupa unasugua mfupa.

Mimi nilishajiaminisha atabadilishiwa nusu ya goti tu, awekewe ya bandia: kovu dogo, kupona haraka, kano zake kubaki. Daktari akainua picha ya eksirei kwenye mwanga. Goti lina sehemu tatu, akasema, na la nusu linafaa ikiwa imeharibika moja. Za mama zimelika zote. Ni goti zima.

(Kumbe la nusu ndilo hurudiwa upasuaji zaidi baadaye. Hilo sikulijua.)

Mama hakuuliza bei. Hakuuliza maumivu.

"Daktari, nitaweza kupiga magoti nisali?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Wengi hupata shida, mama. Wengine huweza, kwa mto."

Sasa anatazama nje dirishani, kiganja juu ya goti lile, kama anayembembeleza mtoto.

Nani mzazi wake amebadilishiwa goti zima? Niambieni, alipiga magoti tena?